Kujumlisha Kumetoka Wapi?

Mwanzo wa habari hii nimeupata kwa mjukuu wangu mwenyewe, Jumatatu ile aliporudi kutoka darasani mdomo kauvuta mbele, ungeweza kuutundikia ndoo. Katikati yake nimeletewa na Mzee Pindo, mwenye karakana anakoshona, aliyekuja mpaka kibarazani kwangu kumshtaki kama vile bado ni mtoto wa kuchapwa. Mwisho wake nimeupata Jumamosi, kwa mjukuu tena. Palipobaki wazi nimeziba mwenyewe, maana ukikaa na mtu tangu hajaota meno, hata akikohoa chumba cha pili unajua anawaza nini.

Tunamwita Kaidi. Jina alilopewa na wazazi lipo, limelala kwenye cheti, halisumbuliwi. Alipokuwa mdogo ukimwambia, "Acha, moto huo, utakuunguza," yeye anauliza, "Utaniunguza wapi?" Babu yake akasema huyu ni kaidi, jina likamganda.

Shule aliiacha kidato cha pili, mwaka ambao mama yake alilala asiamke tena. Akaingia karakana kwa Mzee Pindo kuokota pini sakafuni, na leo ndiye anayekata. Kukata si kushona, wasikudanganye. Anayeshona akikosea anafumua. Anayekata akikosea, ndiyo basi. Sasa chuo cha ufundi kikatangaza kwamba kinachukua watu wa kuwafundisha wawe walimu wa ushonaji. Kaidi akaenda. Mikono yake waliiona, wakaisifu, kisha wakauliza karatasi. Wanataka cheti cha sekondari, na ndani ya cheti hicho somo la hesabu liwe limefaulu. Akarudi, hakulia, akaenda kujiandikisha masomo ya jioni, akakaa benchi moja na vijana ambao magoti yao bado yanaingia chini ya dawati.

Mwalimu wa hesabu ni kijana mwembamba, shati lake limenyooshwa mpaka mikono ina makali. Wanafunzi wamempa jina la Mwalimu Kanuni, na mwenyewe analijua. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu: kanuni ni kanuni. Si mtu mbaya. Ana darasa hapa na darasa kule, na kote wanamsubiri, hana nafasi ya kukaa na mtu mmoja. Alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa kuna jaribio la aljebra, na atakayeanguka, jina lake halipelekwi kwenye mtihani mkubwa wa hesabu mwaka huu. Bila jina hilo hakuna cheti, na bila cheti hakuna chuo. Hilo kila mtu alikuwa analijua, na Kaidi kuliko wote.

Basi Jumatatu hiyo Mwalimu Kanuni akaandika ubaoni:

x² − 9

Akasema hii inaitwa tofauti ya miraba miwili. Kuna mraba mkubwa, na ndani yake umetolewa mraba mdogo wa tatu kwa tatu. Ivunjeni iwe mabano mawili yanayozidishana. Nani anaweza?

Mimi masomo yangu yaliishia tulipoanza kugawanya namba kubwa, kwa hiyo nilimuuliza Kaidi hiyo eksi ni kitu gani. Akaniambia, "Ni namba ambayo bado imejifunika uso, Bibi." Nikamwelewa. Wako watu hivyo.

Kaidi akanyoosha mkono, na wala hakuwa anabahatisha. Karakana kwa Mzee Pindo wana desturi yao. Kitambaa cha mraba kikiharibika pembeni, unapunguza huku, unapunguza na huku, kwa kipimo kile kile, kinabaki mraba vile vile ila mdogo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa tangu siku za kuokota pini. Kwake kutoa mraba kwenye mraba kulikuwa kazi ya kila siku. Akasimama, akasema, "Eksi kutoa tatu, mara eksi kutoa tatu."

"Hapana," akasema Mwalimu, na akaandika:

(x − 3)(x + 3)

"Kanuni. Bano moja la kutoa, bano moja la kujumlisha. Andikeni."

Kalamu zote zikainama, isipokuwa moja.

"Samahani, Mwalimu. Huko kujumlisha kumetoka wapi?"

"Kumetoka kwenye kanuni."

"Na kanuni imetoka wapi?"

Kijana mmoja wa benchi la nyuma akadakia, "Dada fundi, kanuni haina mama!"

"Kila kitu kina mama," Kaidi akamjibu bila kugeuka. "Hata wewe unaye, ingawa leo angekukana."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akangoja kikapoa. Nasema si mtu mbaya, kwa sababu hakumfokea. Alichukua chaki akayafungua yale mabano, akazidisha kimoja kwa kimoja, akaonyesha kwamba eksi mara tatu ya kujumlisha na eksi mara tatu ya kutoa zinauana zenyewe kwa zenyewe, kinabaki kile kile cha mwanzo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, na jibu lako tulipime. Ifunue eksi, sema ni tano. Ishirini na tano kutoa tisa ni ngapi?"

"Kumi na sita."

"Kwangu ni mbili mara nane, kumi na sita. Kwako ni mbili mara mbili, nne. Nani mkweli?"

"Wewe, Mwalimu."

"Basi andika."

"Siandiki."

Mwalimu akaiweka chaki chini.

"Jibu langu limekufa," Kaidi akamwambia, "nimekubali, tulizike. Lakini la kwako sijaliona likizaliwa. Umenionyesha kwamba ukirudi kinyumenyume unafika nyumbani. Hujanionyesha ulivyotoka. Kitu kimetolewa, halafu sisi tunajumlisha? Mimi nikikata kitambaa upande mmoja, upande wa pili hauoti."

"Dada, hapa si karakana."

"Najua. Karakana huwa siruhusiwi kukata nisichokiona."

"Ijumaa utaandika kanuni, au nikuandikie sifuri kabisa?"

"Ijumaa nitakuja. Na nitaandika nilichokiona."

"Na usipoiona?"

"Leo Jumatatu, Mwalimu. Mbona unanizika na pumzi ninayo?"

Mwalimu akamwambia atoke nje apunge upepo mpaka kipindi kiishe. Akatoka. Ndipo akafika nyumbani na mdomo ule niliousema.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana babu yake tunamgombania sote, "nani kakuudhi?"

Akaniambia yote, amesimama, mkoba hajautua. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia nilichodhani ni cha busara. "Si uandike tu, mama? Wangapi wameandika wasichokijua, na leo wana ofisi zenye mapazia?"

"Mapazia hayo nani kawashonea, Bibi? Mimi. Nayajua, yana upande mmoja tu mzuri."

Babu yake akaingilia kutoka kwenye kiti chake. "Mpe mtu anachotaka upite. Ukweli utausoma ukishapata cheti."

"Babu, mimi naenda kuwa mwalimu. Siku mtoto wa watu akiniuliza kumetoka wapi, nimwambie kanuni haina mama?"

Babu akafumba macho akajifanya amesinzia. Ndiyo silaha yake tangu aliponioa, na haijawahi kumwangusha.

Kaidi hakula vizuri. Akakaa na kipande cha karatasi, anachora mraba, anaweka mwingine ndani, anafuta, anachora. Nilipomwambia alale alisema "ndiyo Bibi", ile ndiyo yake ambayo maana yake ni hapana.

Sasa hili la katikati ni la Mzee Pindo. Alikuja Alhamisi asubuhi, akapiga hodi kwa fimbo, akakaa, akakataa maji, kisha akayanywa.

"Bi mkubwa," akasema, "mjukuu wako ataniua."

"Kafanya nini?"

"Uliza hajafanya nini."

Ilikuwa hivi. Karakana ile bado wanapiga pasi ya mkaa, umeme ukikatika ndiyo inayowaokoa. Pasi yenyewe kibanio chake kimelegea. Jumanne Kaidi alikuwa anakipiga pasi kitambaa cha meza cha mke wa mwenye duka la dawa, kitambaa cheupe, kizito, cha mraba. Kibanio kikaachia, makaa yakamwagika kwenye pembe. Walipoyapangusa, pembe ilikuwa imeungua. Nitakutajia vipimo kwa shubiri, maana ile futi kamba yao ina namba za pande mbili na macho yangu yanaona za katikati ambazo hazipo. Kitambaa kilikuwa shubiri saba kila upande. Palipoungua ni shubiri mbili kwa mbili, kwenye pembe.

Mzee Pindo hakustuka. Yamemkuta mengi. Akasema, "Punguza huku, punguza na huku, kunja pindo. Mteja akiuliza, mwambie kimenywea."

Kaidi akakilaza mezani, akashika chaki, akachora mistari ya kupunguza, mmoja upande wa juu na mmoja wa ubavuni, kila mmoja shubiri mbili ndani, kama alivyozoea. Kisha chaki ikasimama. Akawa anatazama. Nje ya mistari ile kulikuwa na pembe iliyoungua, sawa. Lakini kulikuwa pia na vipande viwili virefu, vyeupe, visivyo na doa hata la nzi, navyo vinakwenda kwenye sanduku la vitambara.

"Mzee," akasema, "doa ni hili tu. Hivi vingine vimefanya kosa gani?"

"Vimekaa karibu na mkosaji. Kata."

"Kumbe ndivyo nilivyovipoteza."

"Umepoteza nini?"

"Jumatatu. Darasani. Nilitoa mraba mmoja, nikatupa na vipande viwili visivyohusika. Ndiyo maana nikabaki na nne badala ya kumi na sita."

Mzee Pindo akaniambia, "Bi mkubwa, mimi hapo nikadhani moshi wa mkaa umempanda kichwani."

Akamwambia tena, kata. Kaidi akasema, "Sikati." Kisha akakata, lakini si alivyoambiwa. Aliikata ile pembe iliyoungua peke yake, mraba mdogo wa mbili kwa mbili, akauweka kando. Kikabaki kitambaa chenye kona iliyong'olewa. Mshonaji wa cherehani ya dirishani akakiinua, akakipima kiunoni.

"Hongereni jamani, fundi wetu kabuni suruali ya mguu mmoja!"

Wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Kaidi akakinyang'anya, akakirudisha mezani. Mzee Pindo akamuuliza, "Akili yako iko wapi?" Akajibiwa, "Iko kwenye kona, Mzee, naomba usiipite."

Kilichofuata Mzee Pindo alinieleza kwa kutumia gazeti langu, akilikunja na kulikunjua, na nikaona kwamba pamoja na kulalamika kwake kote, ulikuwa umemwingia utamu. Ile suruali ilikuwa na kiwiliwili na mguu. Kiwiliwili kilikuwa kipande kizima, urefu shubiri saba, upana tano. Mguu ndio kile kilichobaki kando ya palipokatwa: urefu tano, upana mbili. Kaidi akaukata mguu ule kutoka kwenye kiwiliwili. Akaugeuza. Ule upande wake wa tano akauweka ubavuni mwa kiwiliwili, kwenye upande wake wa tano.

Ukakaa, kama watu waliopimwa nguo pamoja.

Sasa hakikuwa mraba tena wala suruali. Kilikuwa kitambaa kirefu, kimenyooka pembe zote nne. Kaidi akakipima upana. Tano. Yaani saba kutoa mbili. Akakipima urefu. Tisa. Yaani saba kujumlisha mbili.

"Akapiga ukelele," Mzee Pindo akaniambia, "nikadhani kajidunga sindano. 'Kumetoka kwenye mguu!' anasema. 'Mzee, kujumlisha kumetoka kwenye mguu!' Mimi namwambia nyamaza, wateja wapo, watadhani tunachinja mtu. Yeye ananishika mkono, 'Upande mmoja umepungua mbili, upande wa pili umepewa zile mbili! Hakikuota! Kilihama!' Bi mkubwa, ananiambia kitambaa kimehama. Miaka yangu yote sijaona kitambaa kikihama."

"Sasa shtaka lako ni nini, Mzee?"

"Shtaka linakuja. Alikishikiza."

Alikuwa ameushikiza mguu ule kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa ya mkono, na mwenye kitambaa akaingia. Mama wa duka la dawa ni mtu wa haraka. Akakikunjua, akakitazama, akamtazama Kaidi.

"Hiki nini?"

"Kitambaa chako, mama."

"Meza yangu mraba. Hiki nimfunike nani, maiti?"

Mzee Pindo akaanza, "Unajua, mama, vitambaa hivi vya siku hizi, maji yakivigusa kidogo tu..."

"Hakikunywea," Kaidi akasema. "Nilikiunguza mimi, pembeni. Na hivi nimekikata mimi, makusudi. Kitambaa chako chote kipo isipokuwa palipoungua."

"Kipo! Kipo, lakini mezani hakipo!"

Na hapo, kusema haki, mama alikuwa na lake. Kaidi hakubishana naye. Alikuwa na kitambaa cheupe amejiwekea, alitaka kujishonea gauni la kuvaa siku ya kwanza chuoni. Akakitoa kwenye mkoba, akakikata mraba wa saba kwa saba mbele ya macho ya mwenye meza, akakikunja pindo, akampa. Mama akaondoka akinung'unika, lakini akiwa amekikumbatia, maana kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza.

"Makusudi, Bi mkubwa!" Mzee Pindo akapiga fimbo chini. "Amesema makusudi, mbele ya mteja! Hivi mtoto huyu mlimlea vipi, hajui kudanganya kidogo kama watu wengine?"

"Tulisahau, Mzee. Kazi zilikuwa nyingi."

"Cheka tu."

"Kwani umemfukuza?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimfukuze, nani atanikatia?"

Akaomba maji mengine, akaenda zake. Gazeti langu akalichukua.

Alhamisi hiyo hiyo jioni Kaidi akaenda darasani na kile kitambaa kirefu kwenye mkoba, mguu umeshikizwa kwa uzi mwekundu, na ile pembe iliyoungua akaichukua pia. Hakungoja kuitwa. Mwalimu Kanuni alipoingia tu akasimama.

"Mwalimu, nimeiona."

"Umeiona nini?"

"Kanuni. Nipe meza yako kidogo."

Wale wa nyuma wakaanza, "Leo tunapimwa nguo!" Mwalimu akafungua mdomo kama mtu anayetaka kukataa. Kisha akaviondoa vitabu vyake mezani, mwenyewe, akasogea pembeni.

Kaidi akakitandaza. Akavuta uzi mwekundu, ukatoka wote kwa pamoja kama ulivyotiwa. Akaurudisha mguu mahali pake pa zamani, akaichomeka na ile pembe nyeusi kwenye kona yake. "Huu ni mraba mkubwa. Eksi mraba." Akaitoa pembe. "Nimetoa mraba mdogo. Hii ndiyo tofauti, ndiyo hii suruali. Mabano yako wapi? Hayapo, maana mabano ni urefu na upana, na suruali haina urefu mmoja." Akautoa mguu, akaugeuza, akauunga ubavuni. "Sasa urefu mmoja upo. Upana umetolewa. Urefu umejumlishwa. Kilichojumlishwa ni huyu aliyekuwa amebaki peke yake kando ya shimo."

Kaidi anasema hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa mbele akasema taratibu, "Rudia." Akarudia. Mwalimu naye akasema, "Rudia," akarudia tena, na safari hii ni Mwalimu aliyeugeuza mguu kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye karata.

"Vizuri, dada fundi. Vizuri sana. Sasa nikatie hii." Akaandika ubaoni: 4² − 9². "Mraba wa nne, utoe ndani yake mraba wa tisa."

Kaidi akatazama ubao, akatazama kitambaa.

"Hicho kikubwa hakiingii ndani ya kidogo."

"Hakiingii. Kanuni inasemaje?"

Akaihesabu. Nne kutoa tisa, nne kujumlisha tisa. Akaipata namba ya chini ya sifuri. Akahesabu kwa njia ndefu, ikatoka ile ile.

"Inakubali," akasema, na haikumfurahisha.

"Inakubali. Ndiyo maana nawaambia mwishike. Inafika mahali ambapo mkasi wako haufiki."

Yule wa nyuma akapiga mluzi. "Dada fundi, hapo vipi?"

Kaidi akakikunja kitambaa chake bila haraka. "Hapo sijafika," akasema. "Mwalimu, nimekwenda na wewe mpaka mkasi unapoishia. Kutoka hapo nitakuwa nakuuliza kila siku, na usinitoe nje."

"Kesho utaandika?"

"Kesho naandika."

Ijumaa akaandika. Maswali mengi yalikuwa ya aina ile, kubwa kutoa dogo, na yeye anasema kila moja aliligeuza mguu kichwani kabla hajagusa karatasi, ndiyo maana alichelewa wakati wenzake wanafunga kalamu. Moja alilikosea, pale namba ilipokuwa imeshikana na herufi ndani ya mraba mmoja, akasahau kuivunja namba, akaivunja herufi tu. Swali la mwisho lilikuwa hili:

x² + 16

Vunja, kama inawezekana.

Yule kijana wa nyuma siku hiyo alikuwa amekaa karibu yake. Akamnong'oneza bila kugeuza shingo, "Eksi kujumlisha nne, mara eksi kujumlisha nne. Andika, muda unakwisha." Kaidi akachukua ukingo wa karatasi ya kuhesabia, akachora mraba, akachora mwingine pembeni mwake. Hakuna kilichotolewa, hivyo hakuna kona wala mguu. Akaviweka hivi, akaviweka vile, akajaribu kumfunua eksi kwa namba moja, kwa nyingine. Mabano ya kunong'onezwa hayakutoa jibu lile. Muda ukaisha. Alijua akikosa na hili anaweza kuanguka, na alijua kuandika chochote ni bora kuliko kuacha wazi, kila mwanafunzi anajua hivyo. Akaandika: *Nimejaribu, haikatiki. Kwa nini haikatiki, sijui.* Akaikabidhi.

Jumamosi asubuhi majina yakabandikwa mlangoni, kila moja na alama zake za kila swali. Kaidi alifika na mkoba wa karakana begani, akasukumana na watu, akatafuta kuanzia chini, maana alisema ukianzia juu unajipa kiburi. La kwake lilikuwa la mwisho kabisa juu ya mstari mwekundu. Juu ya mstari, lakini kwa unywele.

Mtu mwingine angeshukuru akaenda nyumbani. Yeye akaenda kumtafuta Mwalimu.

Akamkuta anafunga madirisha. "Umeliona jina?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimeliona. Swali la mwisho umenipa nusu."

"Ndiyo. Na bila nusu hiyo ungekuwa chini ya mstari. Nusu ya darasa wameandika mabano hewa. Wewe umesema haikatiki, na kweli haikatiki, si kwa namba tulizosoma."

"Sasa nusu ya pili iko wapi?"

Mwalimu akaliacha dirisha. "Dada, umepita! Nenda kalale!"

"Nimeshukuru kupita. Nauliza nusu."

"Hiyo ni ya anayejua kwa nini."

"Wewe unajua kwa nini?"

Mwalimu akaangalia saa yake, akaangalia mlango. "Najua," akasema, "lakini ni habari ndefu."

"Mimi sina haraka. Jumatatu nitakaa mbele."

"Jumatatu," Mwalimu akasema, na Kaidi anaapa kwamba alicheka, ingawa alikuwa ameshageukia dirisha.

Haya yote aliniambia mchana huo huo, jua limepiga bati mpaka linalia, tumejilaza kwenye mkeka chumba cha nyuma ambako kuna ubaridi kidogo. Babu yake alikuwa kitini, naye hakujifanya. Alianza kukoroma habari zilipofika kwenye mstari mwekundu, alipokwisha kusikia alichotaka. Nikamuuliza Kaidi gauni la chuoni atafanyaje, kitambaa kimeshakwenda kwenye meza ya watu. Akasema atakwenda na la kazini, wanaotaka kumtazama watamtazama mikono. Nikamwambia alale sasa, macho yake yamekuwa mekundu. Akasema, "Ndiyo, Bibi."

Kisha akageuka ubavu. "Lakini Bibi, ile ya nne kutoa tisa. Kikubwa ndani ya kidogo. Kama kitambaa hakipo kabisa, na bado unakikata, lazima kuna upande..."

Nikangoja amalize. Mkono wake ulikuwa hewani, vidole viwili vimefunguka kama mkasi. Ukashuka taratibu juu ya mkeka. Amelala.